Nyuzi za Pumzi

"Zima friji!"

Sauti ya fundi cherehani ilitoka ndani ya vitambaa, nzito na isiyo na mwangwi, kama ya mtu aliyefunikwa na marobota ghalani. Mumewe, dereva mstaafu wa malori, alikuwa ameketi jikoni juu ya kiti kifupi akimenya viazi. Aliinua kisu, akautazama mlango wa chumba cha kushonea kwa subira ya mtu aliyewahi kungoja foleni ndefu za mizani ya barabarani.

"Nikizima friji, maziwa je?"

"Yakichacha tutakunywa yamechacha. Zima!"

"Friji hii inanguruma tangu tuilete. Leo ndiyo umegundua ina sauti?"

"Leo ndiyo nimepata masikio."

Dereva akanyanyuka, magoti yakimlia, akachomoa waya. Mngurumo ukakatika, nao ulipoondoka ukafichua vyote vilivyokuwa vimejilaza nyuma yake: bati la paa likitanuka kwa jua na kugonga kana kwamba lina kucha, tone la bomba likianguka ndooni, inzi, kuku wa nyumba ya nyuma akijisifia yai, na mbali kidogo, chuma kikilia juu ya jiwe la mashine. Fundi akafumba macho humo alimokuwa. Kelele, alianza kutambua, ni kama siafu: ukimwondoa mmoja ndipo unapoiona safu nzima.

Alikuwa amejijengea kiota kwenye pembe ya chumba, baina ya ukuta na meza ya kukatia. Majora ya kaki na ya buluu, ambayo yalipasa kuwa sare za wanafunzi, aliyasimamisha yakamzunguka hadi kidevuni. Juu yake akatandaza blanketi lililoegemea mafagio mawili. Simu aliining'iniza kwa utepe wa kupimia, shubiri moja kutoka mdomoni, ikiwa imeelekezwa kando kidogo. Na baina ya mdomo na simu akafunga duara la mbao la kudarizia, lililowambwa soksi nyembamba ya kike, ili upepo wa herufi nzito usiipige simu kama kofi. Haya yote aliyapata kwa mwalimu mmoja wa mtandaoni, kijana mwenye ndevu changa aliyerudia kila mara kwamba sauti safi ni sauti iliyoondolewa kila kisichotakiwa. Fundi alimwamini upesi, kwa kuwa maneno hayo ndiyo aliyokuwa akiwaambia wanafunzi wake kuhusu vazi.

Aliyekuwa akimtafutia usafi huo ni kaka yake. Kiharusi kilimwangusha yule mwashi kazini, kamba ya kunyooshea ukuta ikiwa bado mkononi. Roho ilibaki, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, na mguu ukaanza kurudi, ulimi haukurudi. Mtu aliyekuwa akitunga beti huku akipanga mawe, ambaye vibarua walimjua kwa mashairi kuliko kwa pimamaji yake, sasa alikitazama kikombe asiweze kukiita kikombe. Mtaalamu wa kuwafunza wagonjwa kusema alimwambia mke wa mwashi kwamba wiki hizi za mwanzo ndizo za kuwahi, kwani ulimi uliozoea kulala huwa mgumu kuamshwa. Kisha akauliza kama kuna maneno ambayo mgonjwa aliyasema zamani bila ya kuyafikiri. Yalikuwepo. Ulikuwepo utenzi wake mwenyewe wa nyumba, ambao watu wawili tu waliuhifadhi kwa moyo: yeye aliyeutunga, na dada yake aliyekuwa akishona akimsikiliza.

Fundi angekwenda siku ile ile aliyopata habari. Lakini mvua za msimu huu zilikuwa zimeujaza mto hadi ukalichukua daraja, na barabara ya kwenda kwa kaka yake sasa iliishia majini. Simu nayo haikushika mtandao chumbani kwa mgonjwa; ilibidi wifi yake apande ngazi ya tangi la maji nyuma ya nyumba ndipo apate mawasiliano. Basi njia ilibaki moja: Fundi arekodi, atume, wifi aipokee rekodi huko juu ya ngazi kama mtu anayechuma tunda, ashuke nayo hadi kitandani.

Rekodi ya kwanza, aliyoifanya mezani bila ya kiota, ilikuwa imerudi na hukumu.

"Wifi yangu," alisema mke wa mwashi, "ulisomea ndani ya pipa? Nasikia pipa, nasikia kuku, nasikia mtu anapiga chafya. Wewe mwenyewe nakutafuta sikuoni."

"Chafya ya mume wangu hiyo."

"Basi mwambie shemeji ameshinda. Kaka yako aligeuza shingo kwenye chafya tu."

Walicheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa maji. Lakini tangu Fundi alipokata simu hakutulia. Alishona akisikiliza chumba. Alikula akisikiliza chumba. Alimkatiza mumewe katikati ya maneno ili asikie kilichokuwa nyuma ya maneno.

Sasa friji ilikuwa imenyamaza, na kilichobaki ni lile jiwe la mashine. Akajichomoa kiotani, jasho likimtiririka, nywele zimejaa nyuzi za kaki, akatoka nje hadi kwenye uzio.

Upande wa pili mchomeleaji wa milango na madirisha, aliyeitwa Cheche na kila mtu akiwemo mamaye, alikuwa ameinamia fremu ya chuma.

"Cheche!"

"Naam, mama."

"Hilo jiwe lako litalala saa ngapi?"

"Jiwe halilali, mama. Lina mshughuliko kama wewe."

"Nataka kimya. Kidogo tu."

Cheche akanyanyua miwani ya kazi hadi kwenye paji. "Kidogo ya fundi nguo naijua mimi. Suruali yangu ya harusi uliniambia imebaki kidogo. Nikaoa nimevaa ya kuazima, inanibana hadi kwenye picha nimekunja uso. Mke wangu mpaka leo anauliza siku ile nilikasirikia nini."

"Si nilikupa baadaye?"

"Ulinipa. Mtoto wa kwanza alikuwa ameshaota meno."

Fundi akacheka, kisha kicheko kikamtoka usoni. "Kaka yangu amepoteza kusema, Cheche. Namsomea utenzi wake. Nikipata kimya nitamtumia leo."

"Kaka yako yupi? Yule mwashi aliyeujenga ukuta huu?"

"Huyo."

Cheche akautazama ukuta uliokuwa nyuma yake, akaupapasa kwa kiganja kama mtu apapasaye shingo ya mnyama aliyemzoea. Kisha akainama, akachomoa waya wa mashine. "Nitapima na kuchora. Kuchora hakuna kelele. Ukimaliza, niite."

Akarudi kiotani mbio mbio. Akanywa maji yasiyo baridi, akajikohoza, akapiga bismillahi, akaigusa simu kwa ncha ya kidole.

*Msingi nimechimbua,*
*na jiwe nalichagua,*
*ukuta nikainua,*
*mlango ukabakia.*

Alikuwa na sauti ya mwanamke aliyezoea kuzungumza juu ya mlio wa cherehani: haikuwa laini, ila ilikuwa na uzi imara katikati yake. Beti zikatoka moja baada ya nyingine, mizani imetimia, vina vimekaa mahali pake. Hakujikwaa ila mara mbili, akarudia. Jasho likamdondoka kutoka puani hadi magotini. Alipofika mwisho alikuwa ametota kama aliyenyeshewa, naye hakuamini: hapakuwa na kuku, hapakuwa na bati, hapakuwa na chafya.

Hapo angeweza kuituma, na pengine kisa kingekuwa kingine. Lakini fundi hamalizi vazi bila ya kuligeuza nje ndani.

Aliketi mezani akaifungua rekodi katika ile programu aliyofundishwa na kijana wa mtandaoni. Sauti yake ilitandazwa pale kwenye kioo cha simu kama safu ya vilima, na baina ya kilima na kilima palikuwa na vijistari vidogo vilivyopinda kama nyusi, vya kuchokoza macho. Akaweka kidole juu ya kimojawapo, akasikiliza. *Hhhh*. Kingine. *Hhhh*. Ilikuwa pumzi yake mwenyewe, ikiingia kwa haraka na kwa mkwaruzo, nayo ilimtia haya kana kwamba amejiona pichani akiwa amelala kinywa wazi.

Fundi huyu alikuwa na jina mjini kwa jambo moja. Wengine hushona vizuri. Yeye alimaliza vizuri. Hakuna mteja aliyewahi kukuta uzi unaoning'inia katika kazi yake. Alikuwa na mkasi mdogo wa kazi hiyo peke yake, na mwanafunzi aliyeacha ncha ya uzi ikichungulia kwenye pindo alirudishiwa vazi bila ya neno. Basi alipoziona zile nyusi baina ya vilima, hakuona pumzi. Aliona nyuzi.

Akaanza kukata.

"Unafanya nini tena?" aliuliza Dereva, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria. "Si umeshamaliza?"

"Napunguza nyuzi."

Alikata moja, akaziunganisha ncha mbili zilizobaki, akasikiliza mshono. Akakata nyingine. Mwanzoni alikwenda polepole, kisha mkono ukapata mwendo wake, na kwa muda wa viazi kuiva alikuwa amezimaliza zote. Mwisho wa mstari mmoja sasa uligusana na mwanzo wa mstari unaofuata, na mwisho wa ubeti ukaingia katika ubeti mwingine kama mshono wa ubavuni usioonekana. Akamwita mumewe asikilize.

Dereva akainamisha kichwa. Utenzi ukapita mbele yake wote, laini, bila ya kusimama, kama uzi unaofumuka kwenye kibiringo.

"Hee! Kama mtangazaji wa redio."

"Umeona?"

"Hujapumua hata mara moja."

"Ndivyo inavyotakiwa."

Simu ikamwonya kwamba imejaa, haina nafasi. Fundi akaifuta rekodi ile ya asili, pamoja na majaribio yote yaliyoitangulia, kama afagiavyo vipande vya kitambaa chini ya meza jioni. Kisha akaituma ile safi, akakaa kungoja.

Kungoja kulimshinda. Akashika kola ya shati la mwanafunzi, akaishona, akaigeuza, akakuta ameishona kichwa chini. Akaifumua. Akaenda uani, akarudi. Akaiweka simu dirishani, akaihamishia mezani, akaiweka tena dirishani. Mbingu ya upande wa mto ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya risasi, na hewa ikawa nzito.

Simu ilipoita, aliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Wifi yangu! Amesikia?"

"Amesikia, wifi."

Hapakuwa na mzaha katika sauti ile.

"Kwanza alifurahi," alisema mke wa mwashi. "Wallahi alifurahi. Ule upande mzima wa mdomo ukaanza kwenda na wewe. Sauti haitoki, lakini mdomo unakwenda. Nikajiambia, leo Mungu amefungua. Halafu wewe husimami. Wifi, husimami! Ubeti umekwisha, umeingia mwingine. Anakukimbiza nyuma kama mtu aliyeachwa na gari, anataka kukufikia. Pumzi zikamwishia. Macho yakamtoka. Nikamwinua, nikampiga mgongo, nikadhani ndiyo basi tena."

"Yu hali gani sasa?"

"Yu hai. Simu ameipiga kwa mkono mzima ikaenda uvunguni. Sasa amegeukia ukutani, hata maji ya mkononi mwangu hataki."

Nje, kuku mwingine wa nyumba ya nyuma alikuwa akiita vifaranga.

"Na mtaalamu anakuja alasiri," wifi aliendelea. "Akimkuta hivi, ataanzia wapi?"

"Nitarekodi upya. Sasa hivi."

"Hapana."

"Wifi..."

"Nimesema hapana. Wewe uko huko na vitambaa vyako. Niliyemshika ni mimi. Nilihisi moyo wake kwenye kiganja changu unapiga kama unataka kutoka. Simwekei tena kitu cha kumkaba."

Ngazi ya tangi ikasikika ikilia chini ya miguu yake. Alikuwa ameanza kushuka, na sauti ikawa inakatika katika. Fundi akapaza yake.

"Usishuke! Nisikilize. Mimi na wewe tunataniana tangu siku uliyoingia nyumbani kwetu na vile viatu vyako vya kisigino, ukashindwa kupanda kibaraza. Leo sikutanii. Leo nakuomba."

Mlio wa ngazi ukasimama.

"Mara moja tu," wifi alisema mwishowe. "Na iwahi kabla ya mtaalamu. Akikunja uso tu, nazima, na usinitumie nyingine. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na ile ya kwanza kabisa, ya pipa, ilikuwa afadhali. Ile nayo nimeifuta kwa maneno yako. Ulisema nikufichie aibu."

Simu ikakatika. Dereva alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia ya upande mmoja, na uso wa mkewe ukamweleza ya upande wa pili.

"Itume ile ambayo hujaikata."

"Nimeifuta."

"Yote?"

"Yote."

"Mke wangu! Fundi gani anachoma mabaki kabla nguo haijajaribiwa?"

Fundi aliifungua ile rekodi safi, akaiwasha, akaanza kuifuata kwa mdomo kama alivyofuata kaka yake. Ubeti wa kwanza ulimchukua vizuri. Wa pili ulimkuta akiwa bado anatafuta hewa. Katika wa tatu alikosa neno, akalirukia, akakosa mawili. Kifua kikambana, na ile sauti iliyokuwa yake ikazidi kumwacha, tulivu, imenyooka, haimtazami mtu. Akaizima, akainama akishika ukingo wa meza, akihema. Naye hakuwa mgonjwa.

Alipokuwa akihema hivyo, masikio yake, yaliyokuwa yakiwinda kelele siku zote hizi, yalimpeleka mahali ambapo hakukusudia kwenda. Aliwaona: yeye msichana, cherehani imewekwa katika chumba kisicho na paa bado, na kaka yake juu ya jukwaa la mbao akipanga mawe. Kaka hakuwa akisema beti zake huku mikono imekaa. Aliinama, akavuta pumzi, akalinyanyua jiwe. Jiwe lilipokaa juu ya ukuta, ndipo mstari ulipotoka. *Msingi nimechimbua*. Akainama tena, akavuta pumzi, akanyanyua. *Na jiwe nalichagua*. Baada ya mstari wa nne alichota udongo kwa mwiko, akautandaza taratibu, na pale palikuwa na kimya kirefu chenye mkwaruzo wa chuma. Utenzi ule haukupimwa kwa vidole, ulipimwa kwa mawe. Kila pumzi ilikuwa na jiwe ndani yake, na yeye kwa mkasi wake alikuwa ameyatoa mawe yote, akamtumia mwenyewe ukuta wa udongo mtupu.

Akainuka ghafla, akalisukuma jora la kwanza. Likaanguka chini kwa kishindo. La pili likafuata.

"Unabomoa?" aliuliza Dereva.

"Humo ndani hakuna hewa. Nilikuwa napumua kwa kijiko."

"Mama!" Cheche aliita kutoka uani. "Mvua hiyo! Unaiona?"

Aliiona. Ilikuwa inakuja kutoka upande wa mto, nyeupe, ikifuta paa moja baada ya jingine. Fundi aliketi kwenye kiti cha cherehani, akaishika simu mkononi bila ya utepe wala soksi, akaanza. Alivuta pumzi, ya wazi, ya tumbo zima, akatamka mstari. Akangoja. Aliliona jiwe likinyanyuka, likikaa. Akavuta nyingine.

Katika ubeti wa pili tone la kwanza likagonga bati. Kisha la pili, kisha kumi, kisha mbingu yote ikashuka, na chumba kikajaa ngurumo kama ya lori linalomwaga kokoto. Fundi akatazama juu kwa hasira ya mtu aliyetukanwa. Mvua ya msimu huu, ikianza mchana, haikatiki hadi magharibi. Alasiri haimngoji mtu.

"Shika!" alimwambia mumewe, akimtupia ncha ya jora la kaki. "Nifunike. Panda kwenye kiti, shika juu, usiliache liniguse kichwa."

"Mikono yangu hii?"

"Mikono hiyo hiyo. Na usikohoe."

Dereva akapanda, akalitandaza lile jora mara nne juu ya kichwa cha mkewe, akasimama hivyo mikono juu, kama mtu aliyeamriwa na askari. Fundi akafuta alichokuwa ameanza, akaisogeza simu hadi ikakaribia kugusa mdomo, akaanza upya tangu msingi. Akashusha sauti, kwa kuwa alijua sasa kwamba aliye karibu hana haja ya kupaza. Mvua ikarudi nyuma hatua chache. Haikwenda, ilikaa pale juu ya kitambaa kama umati uliozuiliwa mlangoni. Beti za mwanzo zikapita, akafika pale:

*Hata jua likizama,*

Akavuta pumzi. Ilikwaruza. Akaiacha.

*mikono ikiniuma,*

Akangoja, mpaka jiwe likae. Alimngoja kaka yake kama angojwavyo mtu mwenye mguu mbaya kwenye kupanda, bila ya kugeuka nyuma kumtazama, ili asione haya.

*sitoki wala kuhama:*
*nyumba haijatimia.*

Hapo akanyamaza kwa muda wa udongo kuchotwa na kutandazwa. Mvua ilijaza kile kimya, naye hakuifukuza. Juu yake mikono ya mumewe ilikuwa imeanza kutetemeka, na kaki ikitikisika kwa upepo mdogo mdogo usoni mwake. Beti zikaendelea, moja moja, kila moja na uzito wake. Alipomaliza hakuisikiliza. Hakuyatazama mawimbi yake kiooni. Aliituma ilivyo, kisha akajitoa chini ya kitambaa, akamsaidia mzee wake kushuka, akamsugua mabega.

Hawakuwasha friji. Waliketi, yeye kwenye kiti cha cherehani, mumewe sakafuni ameegemea majora yaliyoanguka. Alasiri ikaingia. Fundi alichukua kola, akaiweka. Akachukua sindano, akaitia uzi, akauchomoa. Mara mbili aliangalia kama simu ina mtandao, na mara mbili ilikuwa nao. Dereva alijaribu kumsimulia habari ya lori lililowahi kukwama kwenye mto uliojaa, akaona hasikilizwi, akaiacha njiani.

Kisha simu ikatetema juu ya meza.

Hapakuwa na maneno ya kuandika, wala hakupigiwa. Wifi alikuwa ametuma rekodi, aliyoifanya kwa simu yake ya pili, kuukuu, yenye kioo kilichopasuka. Fundi akaifungua, na ikamjia dhoruba: mvua ya huko juu ya bati la huko, vyura, kijiko ndani ya kikombe, kiti kikiburutwa, sauti ya mwanamume asiyemjua, bila shaka mtaalamu, ikisema jambo lisilosikika, na wifi karibu mno na simu akisema, "Haya, mwashi wangu. Dada yako huyo." Kisha ndani ya vurugu ile, kutoka ile simu yake ya kila siku, nyembamba kama inayotoka chini ya mlango, sauti yake mwenyewe.

*Msingi nimechimbua.*

Kimya cha jiwe. Kitanda kikalia.

*Na jiwe nalichagua.*

Kimya. Kitu kikaanguka, pengine ndoo. Na kabla ya ndoo, au pamoja nayo, au baada yake kidogo, palikuwa na kitu kingine, kama ulimi unaojaribu neno.

Fundi akairudisha nyuma. Akaongeza sauti hadi mwisho, na vyura wakajaa chumba. Akairudisha tena.

"Umesikia?"

"Nini? Ndoo?"

"Kabla ya ndoo."

"Mvua inanizuia."

Alilivuta jora la kaki lililokuwa chini, akaketi sakafuni kando yake, akalitupa juu ya vichwa vyao wote wawili. Humo mlikuwa na giza la rangi ya udongo na harufu ya kitambaa kipya. Aliiweka simu katikati, baina ya sikio lake na la mumewe, akakitafuta kwa kidole mahali pale pale, baada ya mstari wa pili.

"Hapo," alinong'ona. "Sikiliza hapo."

Akabonyeza, na wote wawili wakabana pumzi.